Pointi Kumi na Moja na Kimya cha Mama Nekesa

Nakumbuka, mwanangu, jioni moja hapa Nakuru, nikiwa bado kijana wa kuuza viazi vya Dundori, nimeshika karata kumi na tatu. Ilikuwa fainali ya briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, katika klabu yetu. Washindi wangetuwakilisha Nairobi. Mwenzangu mezani alikuwa Mama Nekesa, nesi mstaafu aliyenifundisha mchezo huo, na safari ile aliitamani kuliko mimi.

Briji huanza kwa mnada. Kila karata kubwa ina pointi zake, na mwenye pointi kumi na mbili hufungua mnada. Asiyefikisha husema pasi, yaani anaacha zamu ipite. Mpinzani wa kwanza akasema pasi. Mama Nekesa akatazama karata zake, akasita, akazipanga upya, akasita tena. "Pasi." Mpinzani wa pili naye, pasi. Nikabaki mimi.

Nikahesabu: kumi na moja. Nikarudia, maana viazi vimenizoesha hivyo. Kumi na moja. Mkono wa mpakani, yaani karata zisizo nzuri wala mbaya. Ukifungua hulaumiwi, ukiacha hulaumiwi, ila nikiacha karata zinakusanywa bila kuchezwa.

Sasa, sokoni mimi naishi kwa kimya cha watu. Mteja akisita, najua bei imemwingia. Na kimya cha Mama kilishaniambia kwamba ana kitu. Lakini kwa briji, kutumia kusita kwa mwenzako ni wizi, hata kama hakuna wa kukushika.

"Boss wa viazi, unangoja bei ishuke?" mpinzani akanichokoza.

"Pasi," nikasema.

Tukamaliza wa pili. Kwenye mashindano ya briji kila meza hucheza karata zilezile, na meza nyingine, kwa mkono kama wangu, walifungua wakashinda, na Nairobi wakaenda wao. Tulipofika getini, Mama akaniuliza.

"Ulikuwa na ngapi?"

"Kumi na moja, Mama."

"Na uliniona nikisita?"

"Hata askari wa geti alikuona."

Akacheka, akanipa mkono kama anavyopewa mtu mzima. "Mwaka ujao usitafute mwenzako mwingine. Ni mimi."

Nimeuza magunia mengi tangu hapo, na faida zake nyingi nimezisahau. Ile pasi bado natembea nayo kifua mbele.

Basi, mwanangu, ukifika mpakani, amua kwa ulichopewa wewe. Kumi na moja zikikutosha, fungua bila woga. Lakini kama zimekutosha baada ya kuona uso wa mwenzako, sema pasi na uinue kichwa. Mungu akujalie mikono mizuri, na akupe watu wa kukaa nawe mezani bila kukuchunga.