Moshi wa Basi la Mikumi

Juzi stendi ya Kilosa, basi letu la kwenda Mikumi lilikuwa likinguruma tu pale pale, likitoa moshi mweusi. Mama mmoja muuza vitumbua akamfuata dereva, akamnyooshea kitumbua.

"Karibu, ndugu dereva."

Dereva akakigeuzageuza. "Mama, mbona kina masizi?"

"Ya basi lako hayo. Mwanangu huyu mgongoni anayavuta tangu asubuhi."

Dereva akazima injini, akashuka. Akachomoa chujio la hewa, akaligonga kwenye tairi, vumbi likamwagika. Alipowasha tena, moshi ulikuwa mwepesi, na yule mama akacheka kwa furaha. Sisi abiria, tuliokuwa tukikohoa kwa adabu muda wote, tukapiga makofi kana kwamba tumesaidia.