Kahawa Mbichi

Nyumbani kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, nilisifiwa kwamba napenda kitabu. Mama alilisema kanisani, akalisema na sokoni. Uongo mtupu, ingawa hakukusudia. Mimi nilifukuzwa kahawani, basi. Kila msimu nilichuma mbivu na mbichi pamoja, na kila msimu fimbo ya mama ilitua mikononi mwangu. Aliniita mtundu, akaniita mvivu, mwishowe akachoka: "Hebu nenda kasome, utatuharibia kahawa." Nikaenda. Ningefanya nini?

Hivyo ndivyo nilivyofika kidato cha nne, katika shule moja ya kata ya Elerai, nikitaka kuwa daktari wa mifugo. Hesabu nilikuwa naziweza na fizikia haikunitisha. Ila bila kemia, huo udaktari ungebaki kuwa hadithi.

Mtihani wa taifa ulipokaribia wakatuweka kambi, tunalala shuleni na kujifua. Maabarani tulirudia zoezi moja mpaka likachosha. Tindikali iko kwenye bureti, lile bomba refu la kioo lenye koki, inadondoka tone kwa tone kwenye flaski yenye maji ya njano. Rangi ikigeuka kuwa nyekundu mpauko, unafunga koki na kusoma kipimo. Wenzangu walifunga. Mimi nilikuwa bado nasubiri.

"Mbona imegeuka kitambo?" jirani yangu wa meza akaniuliza.

Imegeuka nini? Niliona maji yale yale. Nikamjibu kwa kiburi kwamba nahakikisha.

Kwenye mtihani wa majaribio nikapitiliza mara zote. Mwalimu wa kemia, kijana asiyependa mzaha, aliona mtu anayejua hesabu anaandika vipimo vya ajabu, akaamua kwamba namchezea. Akamwita mama.

Mama alikuja amevaa kitenge chake cha Jumapili. Mwalimu akampa shikamoo, kisha akanishtaki mbele yake. "Mama, huyu ana akili, lakini anafanya makusudi. Maji yanatoka njano yanakuwa mekundu, kila mtu anaona, yeye anaendelea kumimina tu."

"Yanakuwa mekundu?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Mama akaangalia mikono yangu. "Mwalimu, huyu hata kahawa anachuma mbichi," akasema taratibu. "Tangu mdogo."

Mwalimu akatoa kalamu mbili mfukoni, ya kijani na nyekundu, akaniambia nichague nyekundu. Nikachagua. Wote wawili wakatazamana, nami nikajua nimekosea. Niliona aibu, halafu nikaona hasira, maana miaka yote hiyo nilidhani kila mtu anabahatisha kama mimi.

Kuanzia hapo mwalimu alinifundisha peke yangu. Achana na rangi, alisema, tafuta giza. Niliweka karatasi nyeupe chini ya flaski, na pembeni flaski nyingine isiyoguswa ya kulinganisha. Maji yalipogeuka, kwangu yalizidi uzito kidogo tu, kama chai iliyoongezwa majani. Nilirudia mpaka macho yakauma. Siku ya mtihani nilifunga koki pale nilipoona uzito ule, nikaandika kipimo, nikatoka bila kujua kama nimepata au nimekosa.

Matokeo yalitoka nikiwa shambani na mama, tunachuma. Mimi nilipewa kazi ya kubeba ndoo. Nikayafungua kwenye simu, nikamsomea: kemia, C. Inatosha kuendelea na sayansi.

Nilitegemea vigelegele. Mama akaacha kuchuma, akanishika mikono yote miwili.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nilikuwa nachapa mikono, kumbe ni macho."

Sikuwahi kumsikia mama akimwomba mtoto radhi. Nikachuma tunda moja la kahawa nikampa.

"Hii je?"

"Mbichi," akasema, akaitia kwenye ndoo pamoja na zile mbivu.