Chokaa Chini ya Majani

Kwa miaka mingi orodha ya makala zangu ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Makala nne za kemia, na kila nilipofungua mtandao kutazama nani amezitaja katika utafiti wake, nilikuta jina moja tu: langu. Nilikuwa najitaja mwenyewe, kama mtu anayejipigia makofi kanisani. Na chuo ninachofundisha hapa Kamembe hakimpandishi mwalimu cheo kwa sababu ana sauti nzuri. Kinataka kuona wengine wametumia kazi yako.

Mama alilijua jambo hilo kuliko mkuu wa idara. Yeye hupika sabuni ya mawese tangu tulipoishi Bukavu, kabla hatujarudi Rwanda, na wateja wake wa kule bado wanavuka mpaka kuifuata sokoni. Makala yangu ya nne ilihusu sabuni hiyo. Nilikuwa nimepima maji ya majivu anayochuja: majivu ya maganda ya ndizi huwekwa juu ya majani makavu katika chungu chenye tundu, maji yanamwagwa, na kinachodondoka ndicho kinachogeuza mafuta kuwa sabuni. Maji yake yalikuwa makali ajabu. Niliandika kwamba siri ni ndizi zetu. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, aliniuliza kama kuna mtu ameshanitaja.

Siku moja nikamwambia yupo. Watafiti wa nchi ya mbali walikuwa wameitaja makala ya sabuni. Nilikuwa nimeona jina langu tu kwenye marejeo yao. Makala yenyewe ilikataa kufunguka kwa sababu mtandao ulikuwa unasuasua. Mama hakungoja. Kwetu mtu akipata mtoto, kazi au visa hupeleka shukrani kanisani, na Jumapili iliyofuata alisimama mbele na mkungu wa ndizi na kuku, akatangaza kwamba mtoto wake anasomwa ng'ambo. Waumini wakapiga vigelegele. Kuku alipiga kelele kuwazidi.

Jumatatu makala ikafunguka. Walikuwa wamenitaja, naam. Walisema wamefuata maelezo yangu hatua kwa hatua, maji yao yakawa hafifu, sabuni ikakataa kushika, kwa hiyo matokeo yangu yapokelewe kwa tahadhari. Kwa lugha ya wanasayansi hiyo ni adabu. Kwa lugha ya sokoni ni kuitwa mwongo. Niliona aibu, nikaona cheo kinaota mbawa, na zaidi ya yote nikamwonea huruma yule kuku.

Nilikwenda kwa mama nikamweleza yote. Hakuhuzunika hata kidogo. Alitaka nimsomee nilichoandika, sentensi baada ya sentensi, kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye majani akainua mkono.

"Na chokaa uliiandika wapi?"

Nikamuuliza chokaa gani.

"Ile iko chini ya majani. Minatiyaka ya kwanza, mbele ya kila kitu. Nani anapika sabuni bila chokaa, mutoto wangu? Nilizania kila muntu anajua."

Niliyaondoa majani. Ndani, kwenye kitako cha chungu, palikuwa peupe kwa chokaa ya kutoka upande wa Bugarama, ile tunayopaka kuta. Maji ya majivu yakikutana na chokaa huwa makali zaidi. Hilo nalifundisha mwaka wa kwanza, nalichora ubaoni kila muhula, na wasiolijua nawapa sifuri. Niliyapima maji ya chungu cha mama kwa majuma mengi, nisitazame chini ya majani hata mara moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nimesimama wima na shahada yangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama naye alicheka, ingawa sidhani alijua kwa nini.

Tuliandika makala mpya, tukalikiri kosa langu waziwazi. Fundi wa maabara alipima upya, mimi niliandika, na jina la kwanza nikaweka la mama, kwa kuwa ujuzi ni wake. Niliwatumia wale watafiti. Wakatia chokaa, sabuni yao ikashika, nao wakachapisha hivyo. Baada yao wakaja wengine.

Sasa, makala ikiwa na waandishi watatu, anayetajwa kwa jina ni wa kwanza. Waliobaki huitwa "na wenzake". Faili langu la kuomba cheo lilipofika mezani, mkuu wa kitivo alilipekua, akavua miwani, akaniuliza huyu mtafiti anayetajwa kila mahali anafundisha chuo gani. Nikamwambia anapatikana sokoni Kamembe, upande wa wauza mawese. Alicheka, kisha akatia sahihi.

Jumapili mama alirudi mbele ya kanisa, mara hii na kuku wawili, akanivuta nisimame kando yake.

"Huyu njo mwenzangu," aliwaambia. "Tunaandikaka pamoja."