Fremu ya Baiskeli ya Baba Mdogo

Mwezi uliopita nilikuwa Nyasubi, nimekwenda kumwona binti yangu aliyejifungua. Nikitoka sokoni na vitunguu mkononi nikapita kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kijana mmoja alikuwa amening'iniza fremu ya baiskeli kwenye mizani ya ndoano. Akaisoma mizani, akaitupa fremu juu ya rundo la masufuria yaliyotoboka. Kishindo kile kilinisimamisha, rafiki yangu. Mtu akaniambia, "Mama, sogea, unaziba njia," nami nimeganda tu pale na vitunguu vyangu. Yule kijana hata hakuigeuza fremu kuitazama chini.

Nimejaribu kuyaandika haya zaidi ya mara moja nikayaacha. Elimu yangu ni darasa la saba, na kumbukumbu ya mtoto ni kama chujio: inaweza ikashika majani ikaachia chai. Kwa hiyo pale nisipojua, nitakwambia sijui.

Boma letu lilikuwa upande wa Bulyanhulu, miaka ya sabini inaishia ishia, kabla mgodi mkubwa haujaja. Waliochimba walichimba kwa sururu na karai, na sisi tuliwaona kama watu waliorogwa na udongo. Sisi tulikuwa watu wa pamba na ng'ombe. Asubuhi niliamshwa na kengele za ng'ombe na mchi wa bibi kinuni. Tulikunywa uji, tukaenda kuchuma pamba mpaka vidole vikachanika, na tukirudi tulikuta michembe imechemka, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, imechanganywa na karanga. Harufu yake siwezi kukueleza. Nikiisikia popote, nakuwa na miaka kumi.

Na jioni kulikuwa na kengele nyingine, ya baiskeli ya baba mdogo. Ilikuwa nyeusi, babu aliinunua kwa pamba kabla hajafa, akampa huyo mwanawe wa mwisho siku alipooa. Miaka ile baiskeli dukani ilikuwa hadithi. Mama mdogo, mke wake, alikuwa ameishonea siti nguo ya vipande vya kanga, vyekundu na vya njano, kiasi kwamba ungeitambua ukiwa ng'ambo ya mbuga. Tukisikia kengele tulikimbia kumpokea, kwa sababu mfukoni hakukosa pipi au sukari guru. Namsema hivyo kwa haki yake. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na mimi nilimpenda.

Akaenda upande wa Geita kuwauzia wachimbaji muhogo mkavu. Palizi ikapita hajarudi. Pamba ikafunguka, hajarudi. Halafu wakaja wanaume wawili tusiowajua, wamebeba baiskeli mabegani. Gurudumu la mbele limekunjwa kama chapati, shingo ya fremu imepasuka, ile nguo ya siti imejaa matope. Wakasema wameiokota korongoni, chini ya daraja lililobebwa na maji, na watu wa gulioni wakawaelekeza kwetu kwa ajili ya ile nguo ya siti. Mwili hawakuuona. Wakala ugali wetu, wakatupa pole, wakaondoka.

Bibi alinyoa nywele siku hiyohiyo. Mama mdogo naye. Kilio cha mama mdogo nakikumbuka kwa sababu hakikuwa na maneno. Mtoto wake alikuwa bado ananyonya, naye akawa anamshika mamaye kichwa kile kipya, kinachong'aa, akicheka.

Kwetu kitu cha aliyekufa hakiguswi mpaka matanga yaondolewe. Baiskeli ikaning'inizwa darini, na kila nilipolala niliona kivuli cha lile gurudumu. Siku ya kuondoa matanga ilipofika, wakubwa wakakaa: bibi, baba yangu, na mdogo wake babu, ambaye sisi tulimwita babu mdogo. Wakaamua jambo ambalo nililisikia kwa masikio yangu nikiwa nabambua karanga, ingawa sina hakika kama koo nyingine zinafanya hivyo, nisije nikawasingizia. Walisema fremu ndiyo itakayosema. Ikitengenezeka, baba ataipanda, na atakayeipanda atarithi nyumba yote ya ndugu yake, yaani mama mdogo pia. Isipotengenezeka, basi nyumba ile imekufa, mama mdogo arudi kwao, lakini mtoto atabaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walishatolewa.

Mama mdogo hakuulizwa. Mama yangu mzazi naye hakuulizwa. Huyu alijibu kwa mwiko: siku ile ugali ulisongwa kwa vishindo mpaka kuku wakakimbia jikoni. Baba simlaumu. Nilimwona nyuma ya zizi akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na sidhani mtu anayefurahia hukaa vile.

Akaitwa fundi. Huyu alikuwa ameishi Kagongwa muda mrefu, akarudi na kisanduku cha spana na mdomo usiofunga. Akaishusha baiskeli, akaivua magurudumu, siti na keria, ikabaki fremu tupu juu ya gunia.

"Mayu," alimwambia bibi, yaani mama, "hii shingo imekatika kama muwa."

"Inatengenezeka au haitengenezeki?"

"Kila kitu kinatengenezeka, Mayu, isipokuwa mtu."

Akashtuka mwenyewe kwa alichosema. Babu mdogo akamwambia, "Bhebhe, wewe! Ulimi wako nao ungefungwa nati." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, kile kinachozimika kabla hakijafika puani.

Fundi akagonga fremu kwa spana, akasikiliza. Akagonga tena. "Baba Kulwa," akamwita baba, maana Kulwa ni mimi, "bomba la juu limepinda tu. Ufa uko shingoni. Nikiichomelea kwa shaba itabeba gunia la pamba na mtu juu yake. Ila ngoja niisafishe, nione ufa umeishia wapi."

Namkumbuka mama mdogo akisikia vile. Alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Alimtazama mama yangu, mama yangu akatazama moto.

Fundi akataka mchanga na mafuta ya taa, na mtu wa kuishika fremu ikiwa imegeuzwa chini juu. Mama mdogo akaleta mchanga, na kwa kuwa alikuwa karibu, akaambiwa ashike. Fundi akawa anasugua, anapiga soga za Kagongwa. Matope yakatoka, grisi ikatoka. Mama mdogo akainama. Akapitisha kidole gumba pale chini, ekseli ya pedeli inapopita. Akapitisha tena.

"Alama iko wapi?"

"Alama gani?" fundi akauliza.

"Ya boma."

Hapo rafiki yangu lazima nikueleze. Ng'ombe wetu wote walichomwa pajani mistari mitatu kama unyayo wa kuku. Babu alipoleta ile baiskeli, aliigeuza, akachukua tupa, akaikata alama ileile kwenye chuma, akisema ng'ombe wa chuma naye ana kwao. Si sisi tu. Mabomani watu wengi walifanya hivyo, maana baiskeli nyeusi zote zinafanana kuliko ng'ombe.

"Labda imefutika," fundi akasema.

"Alama ile?" Mama mdogo alikuwa ananong'ona. "Baba mkwe aliikata mpaka tukamwambia atatoboa. Mimi ndiye niliyekuwa naiosha. Kila Jumamosi nilikuwa naitoa matope kwa kijiti."

Baba akapiga magoti, akapapasa. Babu mdogo akaja, akapapasa. Bibi hakuja. Alikaa palepale kwenye kigoda, akauliza bila kuinua sauti, "Ipo?"

"Haipo, Mayu."

Magurudumu yalikuwa yake. Siti yake, kengele yake, keria yake. Fremu haikuwa yake. Na kilichonishtua wakati ule, na kinanishtua mpaka leo ninapoandika, ni kwamba sisi ni watu ambao ng'ombe akirudishwa na mgeni, hata mtoto wa miaka mitano anatazama paja kwanza. Baiskeli ilirudishwa tukatazama nguo ya siti. Tukanyoa.

Babu mdogo akasema ni wezi, wamemuua wakachukua fremu nzima wakaacha mbovu. Fundi akasema taratibu kwamba mwizi angechukua na magurudumu. Ng'ombe akipotea hufuatwa nyayo, na kesho yake alfajiri baba akachukua fimbo na viazi vya njiani, akaenda kuifuata fremu.

Alirudi pamba ikiwa imeshapelekwa ghalani. Alikuja na vumbi la lori kwenye kope. Tulimwamkia shikamoo, akapita kama hakusikia, akakaa mbele ya bibi.

"Nimeiona alama," akasema.

"Umeiona wapi?"

"Ameikalia."

Hakuna aliyeuliza nani.

"Ameipaka rangi nyekundu," baba akaendelea. "Ana nyumba ya nyasi kule machimboni. Ana mwanamke, na mwanamke ni mjamzito. Aliponiona alishuka, akaniamkia, shikamoo kaka, kama vile tuliachana jana. Na mimi, Mayu, nikaitika. Sijui kwa nini niliitika."

"Amesema nini?"

"Amesema aliona ni heri tumlilie kuliko tumtukane."

Upande wake wote sikuwahi kuusikia, kwa hiyo sitaki kumhukumu kwa sentensi moja iliyobebwa na mtu mwingine kwenye lori. Pengine alisema na mengine. Pengine aliogopa jambo ambalo mtoto hawezi kulijua. Lakini alinunua fremu iliyovunjika, akaivalisha vitu vyake kama unavyovalisha maiti, akawapa watu watuletee. Hilo alilifanya. Nimeligeuza kila upande sijapata namna nyingine ya kulisema.

Bibi alipitisha kiganja kichwani, nywele zikiwa ndio kwanza zinaota, nyeupe. "Nimeshanyoa," akasema.

Baba akasimama. "Nipeni shoka. Uongo huu hautalala hapa."

"Yaya!" Mama mdogo alisema hapana ile kwa sauti ambayo sikuijua. Alikuwa amesimama mbele ya fremu. "Itengenezwe."

"Itengenezwe ya nini? Si ya mtu!"

"Ni yangu. Niliyeletewa ni mimi."

Babu mdogo akacheka. "Mwanamke atapanda baiskeli? Na hizo kanga mbili ulizojifunga kama magunia?"

"Nitaanguka mpaka nijue."

"Na mtoto?"

Hapo ndipo kila mtu alipomgeukia bibi, kwa sababu swali lilikuwa hilo tangu mwanzo. Mama mdogo naye aliacha ukali wote, akapiga magoti. Bibi akasema, "Mtoto anayenyonya hafuati ng'ombe wa mahari. Anafuata ziwa." Halafu akamgeukia fundi kama vile walikuwa wanaendelea na mazungumzo ya asubuhi. "Ulisema itabeba mtu?"

"Itabeba, Mayu."

"Chomelea."

Mama yangu alipakua chakula siku ile bila kishindo hata kimoja, akamkatia mama mdogo nyama kubwa kuliko ya baba. Nakumbuka kwa sababu niliona wivu.

Fundi akaichomelea kwa moto wa mkaa na mivukuto, pale shingoni pakabaki na kovu la shaba linalong'aa. Mama mdogo alijifunzia kwenye njia ya kwenda kisimani. Sisi watoto tulimsukuma, wanaume waliokuwa wanapita wakapiga miluzi, wengine wakamwita dume. Alichubuka magoti na viwiko. Siku aliyoweza, alizunguka boma zima akipiga kengele ileile, na sisi tukaanza kukimbia kuipokea kwa mazoea, kisha tukasimama katikati ya uwanja, hatujui tunampokea nani. Wiki hiyo akafunga mtoto mgongoni, akatuaga, akashika njia ya kwao. Nasikia alikuwa anabeba vyungu vya kuuza mpaka uzeeni. Sikumwona tena.

Baba mdogo alikuja mara moja. Nilikuwa nimekwisha kuvunja ungo, babu mdogo alikuwa amekufa. Aliacha baiskeli nje ya ua wa minyaa, akaingia kwa miguu, amevaa suruali nzuri, amekonda. Bibi alikuwa mlangoni na kata ya maji.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba. Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Alicheka kwanza, akidhani ni utani. "Mayu, ni mimi."

"Karibu ukae. Kulwa, mletee mgeni kigoda. Wa ukoo gani huko kwenu?"

Akachinjiwa kuku, kama anavyochinjiwa mgeni. Alikula mbele yetu huku machozi yanaingia kwenye mchuzi, na bibi akawa anamkaribisha aongeze. Hakumtukana hata kidogo. Alipoaga alimsindikiza mpaka njia panda, akarudi, akaosha yeye mwenyewe sahani ya mgeni, akakataa nimsaidie.

Boma lile halipo sasa. Minyaa iling'olewa, zizi likawa shamba, shamba likawa mashimo ya watu nisiowajua, na wajukuu zangu hawawezi kunichorea alama ya ng'ombe wao hata wakiahidiwa soda. Hayo nimeyazoea. Ninachokikosa ni lile jambo la watu wazima kukaa siku nzima wamezunguka kitu kilichovunjika, wanakigonga, wanakigeuza, wanaulizana kama kinafaa. Fremu ya mtu tusiyemjua ilipata siku yake. Mwana wa bibi hakuitiwa wakubwa wala fundi, alipimwa na mama yake peke yake mlangoni, kata ya maji mkononi, na sijui kama bibi alikosea.