Vikuku vya Mama Mkwe na Kikapu cha Kahawa

Kama hukuwahi kuliona kabati la Kokushubila wa Kitendaguro, hapa Bukoba, pole sana, umeishi nusu. Wanawake walikuwa wakitoka Buhembe kwa miguu kuja kulitazama, wakijidai wamekuja kuomba chumvi. Nani anatoka Buhembe kwa ajili ya chumvi?

Mumewe, Mwijage, alikuwa akipima kahawa kwenye ghala la ushirika, mtu mpole, suruali moja ya kazi na moja ya kanisani. Mke alijipamba kwa niaba ya wote wawili. Lakini tusimwonee. Wapendao kujipamba ni wengi, ila vitu vyao vimerundikwa sandukuni kama viazi: mkufu umejinyonga kwenye bangili, poda imezimwagikia hereni. Kwa Kokushubila, hapana. Kabla hajaolewa alikuwa akishona vifungo na mapindo kwa Taraben, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, na huyo ndiye aliyemtia adabu. "Mkufu unaning'inia, binti yangu, haulali," Taraben alimwambia. "Ukilala, kesho unakesha unaufumua."

Basi mikufu ilining'inia ndani ya mlango wa kabati, kila mmoja na msumari wake. Hereni zilichomekwa mbilimbili kwenye ukanda wa flaneli. Poda ilikaa kwenye kopo la biskuti na pamba juu yake, maana unyevu wa ziwa hauna huruma na poda. Krimu na rangi za midomo aliziweka kwenye chungu kilichozikwa nusu ndani ya mchanga mbichi, zisiyeyuke. Na wigi, naam, alikuwa na wigi la kutoka Kampala, alilivisha kibuyu kilichopinduliwa ili lisipoteze umbo. Siku ya kwanza Mwijage kufungua kabati akitafuta soksi, aliruka nyuma akaangusha kiti.

"Nani huyo?"

"Kibuyu."

"Kibuyu chenye nywele?"

Mwezi mzima maskini alikuwa akibisha hodi kabla ya kufungua kabati lake mwenyewe.

Rafu ya chini kabisa haikuguswa na mtu. Humo, ndani ya lubugo, ile nguo yetu ya gome la mti, vililala vikuku vya mama mkwe: waya mwembamba uliozungushiwa singa za mkia wa ng'ombe, fungu zima kwa kila mguu. Kokushubila alikuwa akivipaka samli kidogo na kuvikunja upya. Mama mkwe alivivua mwenyewe alipoletwa Bukoba karibu na hospitali, akijua harudi tena Muleba.

"Koku," alisema, "binti zangu wote wametoka nyumbani na hivi miguuni. Amebaki Jovita. Wewe ndiye unayejua kutunza. Vikipotea, Jovita atatoka kama mtu asiyewahi kuwa na mama."

Sasa Jovita alikuwa ameposwa, harusi imekaribia, na baba mkwe, Mzee Rwegasira, alikuwa ametuma neno kutoka Muleba kwamba atakuja mwenyewe kuvichukua. Siku hakutaja. Wazee wa namna ile hawatajiwi wala hawataji.

Huo ndio mwaka ambao Chama kilitangaza vita na wigi, nguo fupi na krimu za kujichubua. Mujuni, kijana wa Chama pale mtaani, alihutubia uwanjani kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliacha kutafuna. Alisema mapambo ya kikoloni yatupwe. Hakusema zaidi ya hapo. Aliyesema zaidi ni jirani, Sada, mwanamke mwema ambaye habari ikiingia sikioni mwake kifaranga, hutoka mdomoni jogoo.

Jumamosi asubuhi Sada aligonga dirisha. "Koku! Wanapekua! Nyumba kwa nyumba! Wako mtaa wa Bakoba, wanakuja huku!"

Kokushubila aliona giza. Miaka yote ile ya mpangilio ikavurugwa kabla uji haujapoa. Wigi alilisokomeza ndani ya kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mikufu na bangili alivitumbukiza kwenye chungu cha maharage. Krimu ilikwenda chini ya majani yaliyotandikwa sakafuni. Hereni na rangi ya midomo alizizamisha chini ya kahawa ya kutafuna, katika kile kikapu kidogo cha wageni, maana nani atapekua kahawa ya wageni? Akafika rafu ya chini. Alivishika vikuku, akatazama huku na huku, akaona hakuna chungu chenye heshima ya kuvipokea.

"Fanya haraka!" Sada akapiga kelele tena dirishani, na tangu hapo kichwa cha Kokushubila kikawa kitupu.

Hodi ilipigwa. Aliyeingia hakuwa Mujuni. Alikuwa Mzee Rwegasira, kofia mkononi, vumbi la basi la Muleba mabegani.

"Kasinge waitu, Tata!" Kokushubila akamwamkia baba mkwe kwa magoti, macho chini, kama inavyotakiwa. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hamsogelei, na alichokwisha kumkabidhi hamnyang'anyi. Mikono yake, iliyofunzwa vizuri kuliko kichwa chake siku ile, ikaenda yenyewe kwenye rafu ya jikoni, ikachukua kikapu cha kahawa, ikampelekea mzee.

Alipokwisha kukiweka mbele yake ndipo akakumbuka.

Kijifuniko cha rangi ya midomo kilikuwa kimefunguka, rangi yenyewe imevunjika, na buni zimevaa wekundu kama zimetoka mtini leo. Angeweza kusema "Tata, ngoja." Mke wa mtoto amwambie baba mkwe ngoja! Ulimi ulikataa.

Na mzee hakutazama kikapuni hata kidogo. Alikuwa ameduwaa, macho yake sakafuni, kama mtu aliyeona kitu kinapita. Akachota kahawa. Akatia mdomoni. Akatafuna. Akachota tena.

Midomo ikawa myekundu. Ndevu nyeupe zikawa nyekundu. Mchirizi ukashuka kidevuni.

Mujuni akaingia wakati huohuo. "Hamjambo humu? Nimekuja kuwaambia kesho baada ya misa tunalima shamba la..." Akamwona mzee. "Mungu wangu! Anatapika damu! Leteni machela!"

"Amekufa?" Sada akaangusha ndoo uani, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Uuwi! Kokushubila ameua mkwe wake!"

Mzee akasimamisha taya. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa hereni ya kibuluu, akaitazama kwa muda mrefu sana.

"Tata," Kokushubila akasema kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, "si damu. Ni rangi ya midomo."

Mujuni, akitaka kumsukutulisha mzee, alidaka kibuyu kilichokuwa karibu, akatumbukiza mkono achote maji. Mkono ukakutana na nywele. Alivuta, akaona kichwa kizima kinatoka kwenye rubisi kikidondosha, akakirusha juu, naye mwenyewe akaangukia mapajani mwa Mzee Rwegasira akipiga kelele kama mtoto anayechomwa sindano. Naapa, yule aliyetisha mtaa mzima uwanjani, alikaa mapajani mwa mzee wa watu!

"Shuka," mzee akasema.

Akashuka.

"Mama," Mujuni alimuuliza Kokushubila, "kwa nini umefanya hivi?"

"Si mnapekua?"

"Nani anapekua? Nimewaleteeni habari ya jembe mimi!"

Wote wakageuka uani. Sada alikuwa anaokota ndoo yake polepole, kama mtu asiye wa nchi hii.

Mzee Rwegasira akafuta kidevu kwa kitambaa. Wekundu ukasambaa mpaka sikioni. "Mwanangu," akasema, "nilifuata vikuku vya mama yenu. Viko wapi?"

Kokushubila alikimbilia kabati. Lubugo ilikuwepo, tupu. Alimwaga maharage, akafukua majani, akageuza mchanga wa chungu. Mikufu ilitoka, krimu ilitoka, bangili zikabingirika mpaka mlangoni, vikuku havikutoka. Akarudi kabatini, akarudi jikoni. Machozi yakaanza. Akilini alimwona Jovita akitoka nyumbani kwao na miguu mitupu mbele ya wakwe, na watu wakinong'ona.

"Nimevipoteza, Tata. Aliniamini, nimevipoteza."

"Simama hapo," mzee akasema. "Sasa tembea mpaka mlangoni."

"Tata?"

"Tembea."

Akatembea. Na katika ule ukimya wote wakasikia, chwa, chwa, chwa, kama majani makavu ya mgomba yakigusana.

"Nilipoingia," Mzee Rwegasira akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo, "ulinijia na kahawa, nikasikia hatua za mke wangu. Tangu tumzike sijazisikia. Unadhani ningejua ninatafuna nini? Ungenipa mkaa ningetafuna."

Kokushubila aliinua upindo wa kanga yake ndefu kidogo tu, akatazama. Vikuku vyote vilikuwa miguuni mwake. Alivivaa asubuhi, mahali pekee alipopaona panafaa, hofu ikamfutia kumbukumbu. Alikaa chini palepale kwenye majani, akacheka na kulia pamoja.

Alikwenda chumbani kuvivua, kwa sababu mbele ya mkwe haivuliwi hata kandambili. Alivipaka samli, akavikunja kwenye lubugo, akavileta kwa magoti. Mzee akavipokea kwa mikono miwili.

"Jovita atatoka navyo," akasema. "Harusi ikiisha, vitarudi hapa, katika rafu yake. Wengine watavitia kwenye debe." Akaichukua ile hereni, akaiweka kiganjani mwa Mujuni aliyekuwa bado anahema. "Na wewe kijana wa Chama, tafuta pacha wake humo kikapuni. Zinakaa mbilimbili."

Mujuni akapiga magoti, akaanza kutafuta.