Mawese Sikioni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu hapa Ujiji wasipofika mwaloni, boti za samaki zinapotia nanga, siku moja wanaumwa; mimi nikifika getini nimesafiri. Kwa hiyo sikio langu la kushoto, ninalolitegemea kwa kuwa la kulia ni zito tangu zamani, lilipoziba, nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kukaa nalo na kulichokonoa. Kwanza vijiti vya pamba, halafu njiti ya kibiriti, halafu kifuniko cha kalamu. Nta ikazidi kuingia ndani kama mpangaji aliyesikia hatua za mwenye nyumba.

Kuziba kwenyewe hakukunitisha. Kilichonitisha ni yaliyompata marehemu baba: alikuwa kiziwi uzeeni, nasi wanawe tukaacha polepole kumwambia mambo. Mwishowe tulibaki na maneno mawili tu kwake: "kula" na "lala". Msiba wa jirani aliujua kwa kuona turubai. Na sasa mke wangu alishaanza kunifupishia. Zamani akirudi kutoka Katonga kununua samaki, migebuka, nilipewa soko zima. Siku hizi nikiuliza "Nini?" mara ya pili, anasema, "Achana nayo."

Jirani yetu muuza mawese akaja na tiba. Kigoma hakuna ugonjwa usiopakwa mawese.

"Yapashe kidogo, mtie," alimwambia mke wangu. "Bibi yangu alitutia sote."

"Na mlisikia?"

"Mpaka tusiyotakiwa kusikia!"

Nikalazwa ubavu mkekani, nikatiwa. Mvua ilikuwa imenyesha, upepo wa ziwani ukaleta baridi, na yeyote aliyewahi kuacha chupa ya mawese dirishani siku kama hiyo anajua kilichofuata. Yaliganda. Nikaamka na sikio lililokufa kabisa na foronya ya rangi ya chungwa.

"Umepona?" mke wangu akauliza. Nilisoma midomo.

Zahanatini, muuguzi wa kike akanimulika sikioni. "Shikamoo, mzee. Humu mlikuwa mnakaanga nini?"

Mke wangu alicheka mpaka akatafuta benchi.

Muuguzi akauliza kama napata maumivu, kama sikio linatoa usaha, kama ngoma iliwahi kutoboka; maana ikiwa imetoboka, matone hayatiwi ovyo. Nilipokana yote akanipa kichupa cha kulainisha nta. Kishikwe kiganjani kipate joto la mwili, kisipelekwe jikoni. Nilale ubavu, sikio livutwe juu na nyuma, nitiwe, nitulie. Nisichokonoe tena kwa kitu chochote. Na nisishangae nikisikia vibaya zaidi siku za mwanzo, kwa sababu nta huvimba. Hilo la mwisho mke wangu alinirudishia kwa kelele, foleni nzima ikapata ushauri wa bure.

Basi kila asubuhi na jioni nikawa nalala kama mgebuka juu ya kichanja, sikio bovu juu, linachemka povu. Nilidhani hapo nitapumzika. Kumbe mke wangu aligundua kwamba mtu mwenye dawa sikioni hawezi kuinuka na kuondoka. Anainama karibu na mto: "Bati la jikoni utalipigilia lini? Usitikise kichwa, dawa itamwagika!"

Tuliporudi zahanati, muuguzi akalisafisha sikio kwa maji ya uvuguvugu na bomba. Kipande kikadondoka kwenye bakuli, chekundu, kinene. Halafu ghafla nikasikia feni ya dari, kikohozi cha mtu mlangoni, na kandambili za muuguzi zikiburuzwa sakafuni. Sikio zima, akasema, halina kasoro. Nilishukuru kwa sauti kubwa mno.

Njiani mke wangu akaniuliza kitu, nikaziba sikio kwa kiganja.

"Mama, punguza! Nasikia."

"Wiki zote hizi nimepiga kelele kwa ajili yako, leo nipunguze? Koo limeshazoea."

Akaanza kunisimulia ugomvi uliotokea Bangwe nikiwa nimeziba: boti, nyavu, shemeji wawili. Aliigiza sauti zote, na za watoto, na ya mbwa. Watu wakageuka kututazama. Nilichoka hata kabla hatujafika nusu ya njia. Nikamuuliza yule shemeji mdogo alijibu nini.