Nilivuka bahari nikiwa na mitungi kichwani: jinsi habari ya mana ilivyonigeuza

Niaje wakuu. Hii ilinitokea mimi, na naieleza bila chumvi.

Walisema mtoto wa Soweto West, Kibera, akifika Gulf atarudi na begi tupu. Wakasema diploma yangu ya plumbing ni ya kufungia mandazi. Leo ulizeni Gatina, hapa Kawangware, ni nani amefunga mabomba ya maghorofa yao. Ni mimi.

Kwangu bomba halikauki, jikoni hadi bafuni.

Lakini nilijaza mitungi ya maji nyuma ya mlango, kando ya sofa, hadi chini ya kitanda. Nimekulia Kibera. Huko ukipata maji unajaza kila chombo, kwa sababu hujui yatarudi lini.

Mke wangu Achieng alivumilia. Kisha mtoto wetu Imani akaanza kusimama. Akashika mtungi, ukaanguka, ukamkosa mguu kidogo tu.

"Baba Imani, unaoga kwa shower halafu unaficha maji kama mtu wa magendo. Chagua: sisi ama mitungi."

Akabeba mtoto, akaenda kwa dada yake, mtaa wa Makina.

Jumapili nikaenda kanisani peke yangu. Somo lilikuwa la mana. Waisraeli waliookota wakaweka ya kesho, wakaamka ina funza.

Hiyo nimeisikia tangu utotoni, nikidhani ni habari ya chakula cha jangwani. Siku hiyo nikaona ni habari ya akili. Wale watu walishatoka Misri kwa miguu, lakini ndani bado walikuwa watumwa wanaoogopa kesho. Mimi nimevuka bahari kwa ndege, kwenda na kurudi, na Soweto West ya kiangazi bado iko kichwani mwangu.

Nikarudi nyumbani nikafungua mtungi wa chini ya kitanda. Viluwiluwi vya mbu vinacheza. Kwa fundi wa maji, wakuu!

Sikumwaga tu. Kwetu mtungi ukiazimwa hurudi umejaa. Siku ya kuniaga nikienda Gulf maji yalikatika, majirani wakatuazima mitungi yao ndiyo wageni wakapikiwa. Kesho yake nikapanda ndege kabla ya kuirudisha; ndiyo hii iliyojaa kwangu.

Basi nikaosha mitungi yote, nikaijaza upya, nikakodi mkokoteni hadi Kibera. Nikapita mlango kwa mlango kwa kila aliyetuazima.

Mama Rehema, jirani yetu wa zamani, alinikagua kuanzia viatu. "Kumbe maji yangu yalienda Arabuni?"

"Yamerudi, mama."

"Na hayajachemka?" Kicheko plot nzima. Akaniita ndani nikanywa chai.

Nilichojifunza: maandiko usiyasome kama habari za watu wa kale pekee. Misri ni mahali ndani yako, na jangwa pia. Kutoka ni pale hofu inapokuachia mkono.

Mtungi wa mwisho ulipofika kwa mwenyewe, nilipita Makina kuwachukua watu wangu. Tulipofika nyumbani, Achieng alichungulia chini ya kitanda kabla hajavua viatu.

Haya, semeni. Chini ya kitanda chako kuna nini?